Nyumba moja, jiko moja: Raha na bei ya kuishi karibu katika familia ya Kihindi

UKIWA ndani ya nyumba ya familia ya Kihindi jijini Delhi na usikie mtoto akiita “Mama!”, usitazame jikoni. Anayeitika huenda ni jamaa mwenye masharubu aliyeketi sebuleni akisoma gazeti. Kwa lugha ya Kihindi, mama ni mjomba, yaani ndugu wa kiume wa mamako.

Akiita “Dada!”, anayegeuka ni mzee mwenye mvi, kwa sababu dada ni babu mzaa baba. Naye nani si swali, ni nyanya mzaa mama. Ukienda Gujarat au Maharashtra, kaka ni ndugu ya babako, yule ambaye Mombasa angeitwa ami.

Kwa sikio la Mkenya hilo ni jambo la kuchekesha. Lakini orodha ya majina hayo ni ndefu na kila moja lina kazi yake. Mke wa ndugu yako mkubwa ni bhabhi. Mdogo wa mumeo ni devar, mkubwa wa mumeo ni jeth na dada yake mumeo ni nanad. Mama mkwe ni saas. Mkaza mwana ni bahu. Mwingereza huwa na neno moja tu kwa mjomba, ami na mume wa shangazi. Sisi wenye shangazi, wifi, mjomba na mama mdogo tunaelewa upesi kwa nini moja halitoshi.

Jina linakuambia unamsalimu mtu vipi, unaweza kumtania au la, na nani anapewa chai kwanza. Katika sehemu za Rajasthan na Haryana kuna wanawake ambao hadi leo hufunika uso kwa ncha ya mtandio mbele ya baba mkwe na jeth, ilhali na devar wanacheka na kutaniana bila wasiwasi. Watu wote hao wakiishi chini ya paa moja, bila majina hayo hakuna mpango.

Wengi wetu tumeifahamu familia hii kupitia filamu za Bollywood na vipindi vya Kihindi vinavyoonyeshwa kwenye televisheni zetu. Humo kila mtu amevaa vito tangu alfajiri, na muziki unangurumisha kila mama mkwe akigeuza shingo. Maisha halisi hayana muziki huo. Yana foleni ya bafu, kelele za vyombo, mtoto anayetafuta soksi, na mtu mmoja jikoni ambaye hajaketi tangu saa kumi na moja asubuhi.

Huyo wa mwisho ndiye wa kutazamwa, kwa sababu ukaribu ambao wengi wetu tunautamani una bei, na mara nyingi analipa yeye.

MAANA YA FAMILIA NI JIKO

Sensa ya India inapohesabu watu, kaya hailinganishwi na mlango wala kitanda. Kaya ni kundi la watu ambao kwa kawaida huishi pamoja na kula chakula kinachotoka jiko moja. Ndugu wawili wanaweza kuishi katika nyumba moja ya ghorofa, mmoja juu na mwingine chini, lakini kila mmoja akianza kupika chake, serikali itawahesabu kuwa kaya mbili.

Ndiyo maana katika mazungumzo ya kawaida, familia ikitengana watu husema majiko yametengana. Ugomvi wa ndugu hauanzi siku ya kugawana shamba. Huanza siku ambayo mmoja ananunua mtungi wake wa gesi.

Hata ofisi ya kodi inaitambua familia. Sheria ya kodi ya mapato ya India inaruhusu familia ya Kihindu isiyogawanyika kusajiliwa kama mlipa kodi anayejitegemea, ikiwa na nambari yake ya kodi tofauti na za watu binafsi waliomo. Anayeisimamia huitwa karta, na kwa desturi alikuwa mwanamume mkubwa kuliko wote. Wajaini, Wasingasinga na Wabudha pia wanaweza kutumia mpango huo. Yaani pale, familia ni mtu: ina akaunti, ina mali na inatozwa kodi.

Kuna sababu ya kimaisha nyuma ya haya yote. Wafanyakazi wengi wa India wamo katika sekta ya jua kali kama hapa kwetu, bila pensheni wala bima ya maana. Mtu akipoteza kazi, familia ndiyo inayomlisha. Mtoto wa ndugu aliyefariki husomeshwa na chacha, yaani ami yake. Mama akienda kazini, dadi, nyanya mzaa baba, anabaki na mtoto. Duka likihitaji mtaji, pesa zinatoka kwenye kabati la nyumbani kabla mtu hajafikiria benki. Ni chama, bima na daycare kwa pamoja, na ada yake si pesa.

SIKU NZIMA NDANI YA NYUMBA

Tuchukue nyumba ya kawaida ya tabaka la kati, vyumba vitatu, watu wanane. Viatu vinabaki mlangoni. Katika familia nyingi za Kihindu, mwanamke hawashi jiko kabla ya kuoga. Kuna kona au kabati lenye sanamu na picha za miungu, taa inawashwa, udi unafuka. Mmea wa tulsi, aina ya mrehani, uliopandwa uani au kwenye roshani unamwagiwa maji.

Kisha maziwa yanachemshwa na chai inapikwa kwa tangawizi na iliki. Gazeti linagawanywa: babu anachukua ukurasa wa mbele, kijana wa michezo, na anayelipata zima ni yule aliyechelewa kuamka, likiwa limeshakunjamana.

Sufuria ya presha inaanza kupiga filimbi. Katika jikoni la Kihindi filimbi hizo ndizo saa. Wali una idadi yake, dengu zina zao na kunde zina zao. Mama akienda kuoga anamwachia mtu maagizo ya kuzima moto baada ya filimbi kadhaa, na mtu huyo akisahau kuhesabu kwa sababu ya simu, kuna kesi.

Kando ya jiko kuna mkebe wa duara wenye vibakuli vidogo ndani yake: manjano, pilipili, bizari, dania, haradali. Unaitwa masala dabba. Mara nyingi ukijua viungo viko wapi bila kuuliza, wewe si mgeni tena.

Chapati nazo, zile nyembamba zisizo na mafuta mengi ziitwazo roti, hazipikwi zikarundikwa kama zetu za Krismasi. Zinapelekwa mezani moja moja, zikiwa bado zimefura kwa mvuke. Waliokaa wanakula, anayesukuma unga anaendelea kusukuma. Hesabu ni rahisi: watu saba wakila roti tatu kila mmoja, kuna mtu mmoja aliyesimama mbele ya moto mara 21 kabla yake kukaa. Yake ya mwisho huwa imeshapoa.

Chakula cha nyumbani kinamfuata mtu hadi kazini. Mjini Mumbai, tangu mwaka wa 1890 kumekuwa na wanaume wanaoitwa dabbawala ambao huchukua mikebe ya chakula majumbani asubuhi, wakaisafirisha kwa baiskeli na treni, na kuifikisha kwa mwenyewe ofisini kabla ya saa saba mchana. Kabla ya janga la korona, wachukuzi hao wapatao 5,000 walikadiriwa kubeba mikebe kama 200,000 kwa siku. Mji mzima umejenga mtandao wa usafiri kwa sababu mtu anataka dengu za kwao, si za hoteli.

Jioni nyumba hujaa tena. Katika nyumba za Kigujarati kuna bembea kubwa ya mbao sebuleni au kwenye roshani, iitwayo hichko, na hapo ndipo mambo mengi huamuliwa: karo, harusi, nani amekosea nani. Familia za Kijaini zinazoshika dini hula kabla jua halijazama, na hazili viazi, vitunguu wala kitunguu saumu. Kama dadi amefunga siku hiyo, jiko lilelile linapika chakula chake cha mfungo na chakula cha kawaida cha wengine. Hakuna anayeona ajabu, isipokuwa anayepika mara mbili.

Usiku watoto wanagombania nafasi karibu na dadi. Magodoro yanatandikwa sakafuni, hadithi za Ramayana zinasimuliwa hadi mmoja mmoja anasinzia. Vijana wengi wa Kihindi waliohamia miji ya mbali hukiri kwamba hicho ndicho wanachokikosa zaidi: kulala ukisikia pumzi za watu wako.

‘WATU WATASEMA NINI?’

Sasa tuje kwa mambo ya vijana. Katika nyumba kama hiyo, unaongea wapi na mpenzi wako kwa simu?

Jibu la wengi ni: darini, kwenye ngazi, au nje kabisa. Nyumba ni bei ghali Mumbai kuliko miji mingi ya dunia, na familia nyingi zimeishi vizazi hata vitatu katika chumba kimoja na jiko. Jioni ukipita Marine Drive, barabara inayozunguka ghuba, utaona vijana wawili wawili wamekaa ukutani, nyuso baharini, migongo barabarani. Bandra nako ni vivyo hivyo. Wengine ni wapenzi wanaojificha, lakini wengine ni mume na mke halali wanaotafuta nusu saa ya kuongea bila mtu kukohoa upande wa pili wa pazia.

Sinema ya Kihindi imelijua tatizo hilo kitambo. Filamu Piya Ka Ghar ya mwaka wa 1972 inahusu bibi harusi anayeingia katika nyumba iliyosongamana ya Mumbai, ambamo yeye na mumewe hawapati hata kona ya kuwa peke yao. Mwaka wa 2018, Badhaai Ho iligeuza meza: mama wa makamo, anayeishi na mama mkwe na wanawe waliokomaa, anapata mimba, na nyumba nzima inashikwa na aibu kwa sababu sasa kila mtu amejua kinachoendelea chumbani kwa wazazi. Watu walicheka sana kwa sababu walijiona.

Kila Mhindi anaijua kauli moja: log kya kahenge, watu watasema nini? Ndiyo inayotumika kumzuia kijana kusomea sanaa, kumkataza binti kurudi saa tatu usiku, na kumwambia mwanamke avumilie ndoa. Mama wa Kikuyu, wa Kiluo au wa Kimijikenda angeielewa bila mkalimani.

Wakenya wengi walitatua jambo hili kwa njia nyingine. Katika jamii za Waluo na Waluhya kijana akikomaa alijengewa simba, kibanda chake mwenyewe ndani ya boma. Alikuwa karibu, ila alikuwa na mlango wake. Familia ya Kihindi ya mjini, isiyo na uwanja wa kujenga, iliongeza watu lakini haikuongeza milango.

BAHU NDIYE ANAYEHAMA

Katika sehemu kubwa ya India, ndoa humaanisha kwamba mwanamke anaondoka kwao na kuingia nyumbani kwa mume. Kijana wa kiume anaoa na kubaki katika kitanda chake, jirani zake na mapishi ya mamake. Msichana anabadilisha kila kitu kwa siku moja, mpaka kiwango cha chumvi.

Siku ya kwanza anagusa miguu ya wakubwa na kubarikiwa. Baada ya siku chache anapika kitu kitamu, na wanaokula humpa zawadi. Ni desturi nzuri. Pia ni mtihani, na wote mezani ni watahini.

Kipindi kilichouza kisa hiki kuliko vyote ni Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi, kilichopeperushwa kuanzia mwaka wa 2000 hadi 2008. Jina lake lina maana ya “kwa sababu hata mama mkwe aliwahi kuwa mkaza mwana”. Smriti Irani, aliyeigiza kama Tulsi, bahu mwema wa familia tajiri ya Kigujarati, baadaye aliingia katika siasa na kuwa waziri. Jina la kipindi lina ukweli mchungu: aliyeonewa jana anapata bahu wake leo, na zamu inaendelea.

Takwimu zinaeleza kazi yenyewe. Utafiti wa serikali ya India wa mwaka wa 2019 kuhusu matumizi ya muda ulionyesha kwamba wanawake wanaofanya kazi za nyumbani zisizolipwa hutumia dakika 299 kwa siku, karibu saa tano. Wanaume wanaozifanya hutumia dakika 97. Na hao ni wale wanaozifanya: asilimia 81 ya wanawake walishiriki kazi hizo, dhidi ya asilimia 26 tu ya wanaume.

Filamu ya Kimalayalam, The Great Indian Kitchen, ya mwaka wa 2021, ilichukua dakika hizo na kuziweka kwenye kioo. Ni mwanamke akikata mboga, akiosha vyombo, akifuta meza ambayo wanaume wameitapakaza makombo, akizibua sinki inayovuja, siku baada ya siku. Mumewe na baba mkwe si wakali. Hawapigi kelele. Wanataka tu chakula moto kwa wakati. Ubishi mkubwa uliofuata India ulitokana na hilo, kwa sababu wanaume wengi hawakuona tatizo liko wapi.

Na kuna upande wenye giza zaidi. Mahari, ambayo huko hutolewa na upande wa msichana, ilipigwa marufuku kisheria mwaka wa 1961. Hata hivyo, rekodi za polisi zinaendelea kuonyesha zaidi ya vifo 6,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na mahari: wanawake wanaouawa au wanaojiua baada ya kusumbuliwa na wakwe. Yaani katika nyumba yenye watu wanane, mtu anaweza kuteswa na asiwepo wa kumtetea. Wingi wa watu haumaanishi wingi wa marafiki.

Ndiyo maana sheria iliingia mpaka sebuleni. Sheria ya mwaka wa 2005 dhidi ya dhuluma za nyumbani inampa mwanamke haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya pamoja, hata kama jina lake halimo kwenye hatimiliki. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu ya India ilifafanua kwamba nyumba hiyo inaweza hata kuwa ya wakwe. Mume hawezi kusema tu, “Nyumba ni ya mamangu, toka.”

Mwaka huohuo wa 2005 sheria ya urithi ya Wahindu ilibadilishwa ili binti awe na fungu sawa na la kaka yake katika mali ya familia tangu anapozaliwa. Mnamo Agosti 2020, katika kesi ya Vineeta Sharma, mahakama hiyo ilithibitisha kwamba haki hiyo haitegemei kama babake alikuwa hai sheria ilipoanza kutumika mwaka wa 2005. Kwenye karatasi binti si mgeni kwao tena. Nyumbani, wengi bado huombwa waachie ndugu zao fungu hilo “kwa ajili ya amani”.

INDIA SI MOJA

Tusidanganyane kwamba Wahindi wote wanaishi hivi. Meghalaya, kaskazini mashariki mwa nchi, watu wa jamii ya Khasi huhesabu ukoo kupitia mama. Binti mdogo kuliko wote ndiye anayerithi nyumba ya familia na kuwatunza wazazi, na mumewe ndiye anayehamia. Kerala, Wanair waliishi zamani katika majumba makubwa ya upande wa mama, na jimbo hilo lilipitisha sheria mwaka wa 1975 ya kufuta mfumo wa familia ya Kihindu isiyogawanyika.

Hata kwingineko, zaidi ya nusu ya kaya za India leo ni za wazazi na watoto wao tu. Vijana wanahamia Bengaluru, Pune na Hyderabad kufanya kazi za kompyuta, wanakodi nyumba na wenzao, wanajifunza kupika dengu kwa kumpigia mama video. Lakini ukichunguza, wengi hawajaenda mbali kimoyo. Ndugu wananunua nyumba katika jengo moja. Dadi anakuja kukaa miezi sita mtoto akizaliwa. Kikundi cha WhatsApp cha familia kinaanza kutuma picha za maua na salamu za asubuhi kabla jua halijachomoza, na ole wako usijibu.

Wazee nao wana hofu yao. Filamu Baghban ya mwaka wa 2003, ambamo Amitabh Bachchan na Hema Malini ni wazazi wanaogawanywa kati ya watoto wao kama samani, iliwaliza watu wengi. Miaka minne baadaye, 2007, bunge lilipitisha sheria inayomwezesha mzazi mzee kumshtaki mtoto wake anayekataa kumtunza. Ukaribu ukihitaji hakimu, ujue kuna kilichobadilika.

KARIBU NA KWETU

Wakenya hawayasomi haya kama ya sayari nyingine. Kati ya mwaka wa 1896 na 1901, zaidi ya vibarua 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa. Wengi wao walirudi kwao, lakini baadhi walibaki, na wafanyabiashara hasa kutoka Gujarat wakaendelea kuja. Walikuja kifamilia: mmoja anafungua duka, anamwita ndugu, ndugu anamwita mpwa, mpwa anatumwa mji unaofuata na gunia la sukari la mkopo. Jiko moja lililisha maduka matatu.

Mnamo Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 nchini. Jikoni walikuwa wametambuliwa zamani. Chapati, bajia, achari, kachumbari na masala yalishaingia katika Kiswahili na kwenye sahani zetu kabla ya gazeti la serikali kuandika lolote.

Hata hivyo, kuta zilibaki. Mkenya anaweza kuishi Nairobi miaka 30, akanunua vitambaa Biashara Street kila mwaka, na asiwahi kula chakula ndani ya nyumba ya Kihindi Parklands. Wanaoijua nyumba hiyo kwa ndani ni mayaya na wapishi, ambao huko India vilevile ndio nguzo isiyoonekana ya familia nyingi za tabaka la kati. Ukaribu wa familia wakati mwingine ni ukaribu wa walio ndani tu, na mlango uliofungwa kwa waliobaki. Mwandishi M.G. Vassanji aliligusa hilo katika riwaya yake ya 2003, The In-Between World of Vikram Lall, kuhusu familia ya Kihindi ya Nakuru na Nairobi iliyokwama katikati ya Waafrika na Wazungu.

KIJANA AJIFUNZE NINI?

Kodi ya keja Nairobi inapanda, na wengi wetu tunarudi kwa mathe, au hatujawahi kutoka. Wengine wanaoa na kuanzia maisha nyumbani kwa wazazi. Si aibu. Nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja imeishi hivyo kwa vizazi na kupata faida: watoto hawalelewi na skrini, mgonjwa hakosi wa kumpelekea uji, na aliyefutwa kazi hakosi sahani.

Lakini familia za Kihindi zimetuonyesha pia mahali ambapo mambo huvunjika, na huvunjika palepale kila mara. Kwa hivyo kabla ya kuhamia kwa wakwe, au kumleta mke kwenu, kuna maswali ya kuulizwa mapema, kwa sauti, na wote wakiwepo.

Nani anapika, na nani anapika siku ambayo huyo amechoka? Mshahara wa mkaza mwana ni wake au ni wa nyumba? Chumba cha wanandoa kina mlango unaofungwa, na watu wanabisha kabla ya kuingia? Kukitokea ugomvi, mume atasema neno au atajificha nyuma ya simu? Na binti wa nyumba hiyo, akiolewa, bado ana kitanda chake?

Swali la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi. Msichana anayejua kwamba kwao bado kuna nafasi yake huingia ndoa akiwa na ujasiri tofauti kabisa. Havumilii kwa sababu hana pa kwenda. Anabaki kwa sababu anataka.

Katika baadhi ya nyumba za mijini India mabadiliko tayari yameanza, polepole na bila maandamano. Mume anasukuma roti, zinatoka na umbo la ramani ya Afrika, mama yake anacheka, lakini anazila. Mkaza mwana ameketi mezani na wengine, na kwa mara ya kwanza roti yake imefika ikiwa bado moto.